Likizo ya kikundi Alsace, kwenye mizabibu ya Ufaransa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila tukitangaza safari ya Alsace, simu zinaanza. Wa Dar anauliza visa, wa Mombasa anauliza nyama, wa London anauliza kama lazima tukodi gari, na shangazi wa mtu anauliza kama kuna ngazi nyingi. Safari yenyewe ni ya watu kumi hadi kumi na sita, wiki moja, kijiji kimoja, na ratiba iliyoachwa wazi makusudi. Majibu ni haya.

Alsace ni wapi, na kwa nini si Bordeaux?

Ni mashariki kabisa mwa Ufaransa, ukanda mwembamba uliobanwa kati ya milima ya Vosges na mto Rhine. Ng'ambo ya mto ni Ujerumani, na ukishuka kusini unafika Basel, Uswisi. Mizabibu imepandwa kwenye miteremko ya chini ya Vosges, na katikati yake inapita Njia ya Mvinyo, barabara iliyozinduliwa mwaka 1953, yenye urefu wa kilomita 170 hivi kutoka Marlenheim hadi Thann.

Bordeaux ina majina makubwa, hatukatai. Lakini mashamba yake yametawanyika, majumba yake yana mageti marefu, na bila gari hufiki popote. Alsace vijiji vimekaribiana mno. Ukitoka kimoja kwa miguu, mnara wa kanisa wa kijiji kinachofuata unauona mbele yako. Mkulima anaishi humo humo kijijini, mapipa yako chini ya nyumba yake, na kibao cha kukaribisha wageni kiko mlangoni. Kikundi chenye vijana, wazee na wasiokunywa kinahitaji mahali ambapo kila mtu anaweza kujiendea zake na kurudi mwenyewe, na hapo Alsace haina mpinzani.

Kuna na suala la mvua. Milima ya Vosges inayazuia mawingu yanayotoka magharibi, kwa hiyo Colmar, mji mkubwa wa eneo letu, ni miongoni mwa miji inayopata mvua chache kabisa Ufaransa.

Tunakaa kijiji gani?

Turckheim, nje kidogo ya Colmar. Watu huuliza mbona si Riquewihr au Eguisheim, ambavyo ndivyo vilivyojaa kwenye picha za mitandaoni. Hivyo tutavitembelea. Kulala ni jambo jingine: Riquewihr mchana wa kiangazi ni msongamano mtupu, na ukitaka kutoka bila gari unategemea basi. Turckheim ina stesheni yake ya treni, dakika chache tu kutoka Colmar, na reli hiyo hiyo inaendelea kupanda bonde hadi Munster na Metzeral. Ina kuta za zamani, malango matatu, korongo wanaojenga viota juu ya lango kuu, duka la mikate, na shamba la mizabibu la daraja la juu liitwalo Brand lililoanza pale nyumba zinapoishia.

Halafu kuna mlinzi wa usiku. Kuanzia Mei hadi Oktoba, saa nne usiku, mzee wa koti refu na kofia anatoka na taa mkononi, anazunguka vichochoro akiimba kwa lahaja ya Kialsace, kuwakumbusha watu wazime moto na kulala salama. Zamani ilikuwa kazi hasa, kwa sababu nyumba ni za mbao na moto ukishika unapita mtaa mzima. Siku hizi ni desturi tu, wageni wanamfuata nyuma na simu zao. Mfuateni, lakini msiongee anapoimba.

Nyumba tunayokodi ni ya aina inayoitwa gîte: nyumba nzima yenye jiko, meza ndefu na vyumba kadhaa. Nyingi hukodishwa kwa wiki, Jumamosi hadi Jumamosi, na ndiyo maana tarehe zetu hazichezewi. Angalieni pia kwamba mashuka na taulo mara nyingi hulipiwa pembeni, na kuna kodi ndogo ya mgeni kwa kila usiku.

Mbona ratiba ina nafasi nyingi tupu? Tunalipa pesa yote hiyo kukaa tu?

Ndiyo, kukaa. Hili ndilo tunalobishana na watu kila mwaka. Kuna kampuni zitakazokupeleka vijiji sita na masela manne, yaani vyumba vya wakulima vya kuhifadhia na kuonjea mvinyo, kwa siku moja. Jioni utakuwa na picha mia mbili na hukumbuki ipi ilipigwa wapi. Sisi kanuni yetu ni jambo moja kwa siku. Likiwa sela, ni sela moja. Ikiwa ni safari ya mlimani, basi siku hiyo hakuna kuonja mvinyo. Asubuhi mtu alale akitaka, ajifulie, apige soga na dada zake barazani. Anayeona hiyo si likizo, tunamwambia mapema atafute safari nyingine, na hatugombani.

Mimi sinywi pombe. Nitafanya nini wiki nzima huko?

Karibu theluthi ya wanaokuja nasi huwa hawanywi, kwa dini au kwa kupenda tu, na mara nyingi ndio wanaorudi na hadithi nzuri zaidi.

Mizabibu ni ya kutembea ndani yake. Kuna vijia vilivyowekwa vibao vinavyoeleza aina ya zabibu, udongo, na namna mti unavyokatwa matawi. Wa Dodoma wataona tofauti haraka. Kwetu mzabibu unaweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Kule baridi inaulaza, mavuno ni mara moja, na mteremko unaopigwa na jua la kusini unauzwa ghali kuliko wa jirani yake. Baadhi ya wakulima hukamua juisi ya zabibu zile zile, kwa hiyo kwenye meza ya kuonjea hutakaa na glasi tupu.

Colmar ina jumba la makumbusho la Unterlinden, ndani ya iliyokuwa nyumba ya watawa, na humo mna madhabahu ya Isenheim yaliyochorwa na Grünewald kati ya 1512 na 1516. Ilichorwa kwa ajili ya hospitali ya watawa waliotibu ugonjwa uliokuwa ukiwaozesha watu viungo, na Kristo aliye msalabani ana ngozi ya mgonjwa wa aina hiyo. Mtu aliyeingia akilalamika kwamba makumbusho yanachosha tumemkuta amesimama pale pale baada ya muda mrefu.

Kuna pia habari inayotugusa Waafrika. Frédéric Auguste Bartholdi, aliyechonga Sanamu ya Uhuru ya New York, alizaliwa Colmar mwaka 1834. Kabla ya kazi ile alichonga mnara wa Amirali Bruat katika uwanja wa mjini, ukiwa na sanamu ya Mwafrika mwenye uso wa huzuni. Kijana mmoja wa eneo hilo alikuwa akija kuitazama tena na tena, na baadaye alisema ndiyo iliyomwelekeza Afrika. Huyo ni Albert Schweitzer, mzaliwa wa Kaysersberg, aliyefungua hospitali Lambaréné, Gabon, mwaka 1913 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1952. Mnara ulivunjwa na Wajerumani mwaka 1940, lakini kichwa cha sanamu ile kimehifadhiwa katika makumbusho ya Bartholdi. Nyumba ya Schweitzer iko Gunsbach, kwenye reli yetu ya Turckheim, na ziara hiyo huzua mjadala mkali: alitibu maelfu ya watu, na papo hapo aliwazungumzia Waafrika kama wadogo zake wasiokua. Jadilianeni kwenye treni wakati wa kurudi. Mandhari yanasaidia kupoza.

Kuonja mvinyo kunakuwaje? Sitaki kujiaibisha.

Hakuna aibu. Mnapokelewa chumba cha chini au sebuleni, mnasimama au mnakaa kuzunguka meza, na mwenyewe anamimina kidogo tu, kina cha vidole viwili. Anaanza na mkavu (usio na utamu) na mwepesi, Sylvaner au Pinot Blanc (haya ni majina ya aina za zabibu), anapanda Riesling, kisha Pinot Gris, Muscat, Gewurztraminer, na mwisho ile mitamu ya zabibu zilizochelewa kuvunwa. Mpangilio huo una maana: ukionja tamu kwanza, mkavu unaofuata utakuwa kama ndimu mdomoni.

Shika glasi kwenye mguu wake. Nusa, zungusha, nusa tena, ndipo uonje. Kuna ndoo au chombo cha kutemea mezani, na kutema si utovu wa adabu hata kidogo. Wenye kazi yao wote wanatema. Glasi sita za kumeza kabla ya chakula cha mchana zimemshinda zaidi ya mgeni mmoja, na siku nzima ikapotea.

Jambo moja kwa akina mama wa pwani, na tunalisema kwa heshima zote: siku ya kuonja, udi na marashi vibaki nyumbani. Harufu yake inafunika chumba kizima na hakuna atakayenusa kitu. Hasa kwa Gewurztraminer, ambao wenyewe unanukia mawaridi na tunda la jamii ya shokishoki. Huo ndio mvinyo ambao watu wetu wengi huupenda mara ya kwanza. Mara ya pili huupenda Riesling. Sisi tumekwama kwenye Riesling.

Kikundi cha zaidi ya watu wanane lazima kiweke miadi. Kwa wakulima wadogo, kuonja mara nyingi ni bure lakini inategemewa mtanunua chupa mbili tatu kwa kikundi. Wengine hutoza ada ndogo kwa kila mtu. Kutoka mikono mitupu baada ya kumfungulia mtu chupa saba si uungwana, popote duniani.

Nikiwa dukani, nitajuaje chupa ya kuchukua?

Alsace ni rahisi kuliko sehemu nyingine za Ufaransa, kwa sababu jina la zabibu huandikwa kwenye lebo. Kwingine unaandikiwa jina la kijiji, na ni juu yako kujua kijiji hicho kinapanda nini. Sehemu kubwa sana ni mvinyo mweupe. Mwekundu ni wa Pinot Noir peke yake. Chupa ni ndefu na nyembamba, na tangu 1972 sheria inataka mvinyo wa Alsace ufungwe kwenye chupa huko huko unakotengenezwa.

Tatizo la zamani lilikuwa utamu: unafungua Pinot Gris ukitegemea mkavu, unakuta asali. Kuanzia mavuno ya 2021 lebo inapaswa kueleza. *Sec* ni mkavu, *demi-sec* una utamu kidogo, *moelleux* ni mtamu, *doux* ni mtamu kabisa. *Vendanges tardives* ni zabibu zilizoachwa mtini hadi zikazidi kuiva, ni ghali na hunywewa kidogo kidogo. *Grand cru* maana yake zabibu zimetoka kwenye moja ya mashamba 51 yaliyotambuliwa rasmi. *Crémant* ni wa mapovu, unaotengenezwa kwa njia ile ile ya champagne, na kwa bei yake hatuoni sababu ya kununua champagne.

Chupa ya kawaida kwa mkulima ni kama euro 8 hadi 15. Grand cru nzuri huanzia pale na kupanda. Mwenye kutaka kuona jumba la zamani aende Riquewihr, kwa Hugel, familia iliyo katika biashara hii tangu 1639, ambako lipo pipa la mwaka 1715 linalotumika hadi leo.

Chakula kikoje? Nasikia ni nguruwe kila sahani.

Si kila sahani, ila umesikia vizuri. Choucroute ni kabichi iliyochachushwa na kulundikiwa soseji na nyama ya nguruwe. Tarte flambée, mkate mwembamba kama karatasi unaookwa kwa moto wa kuni, una malai, vitunguu na vipande vya nguruwe wa moshi. Baeckeoffe inachanganya ng'ombe, kondoo na nguruwe kwenye chungu kimoja, na vyote vimelazwa kwenye mvinyo usiku kucha. Zamani wanawake waliuacha mchanganyiko huo kwa mwoka mikate siku ya kufua, ujipikie taratibu kwenye tanuri lake. Kuku naye hupikwa kwa Riesling, samaki huletwa na mchuzi wa Riesling, na hata zabibu kavu zilizo ndani ya keki ya kougelhopf wakati mwingine zimelowekwa kwenye pombe ya cheri.

Kwa hiyo Mwislamu anayekula kwa uangalifu asitegemee mikahawa ya asili iitwayo winstub. Anaweza kuomba tarte flambée *sans lardons*, yaani bila nyama hiyo, na wengi hawaoni shida kuiandaa. Lakini ubao na kisu ni vile vile, kila mtu aamue kwa nafsi yake. Kinachotufaa zaidi ni jiko la nyumbani. Colmar kuna mabucha ya halali, kwa sababu familia nyingi za asili ya Kituruki na Afrika Kaskazini zinaishi eneo hilo, na mboga, samaki na jibini zinapatikana soko la ndani la mwaka 1865, kando ya mto Lauch. Tunapika nyumbani chakula cha jioni siku nne kati ya saba, na sufuria mbili zinatengwa tangu siku ya kwanza zisiguswe na nyama ya nguruwe wala mvinyo. Pilau iliyopikwa Turckheim imewahi kumleta jirani mlangoni kuuliza ni nini hicho.

Msiondoke bila kula jibini la Munster. Linanuka, hatufichi. Likiliwa na viazi vya moto na mbegu zinazofanana na bizari nyembamba, harufu inasahaulika. Aprili hadi Juni ni msimu wa asparaga nyeupe, na mikahawa inaweka menyu nzima kwa ajili yake.

Mikahawa hupokea wageni wa mchana kuanzia saa sita hadi saa nane tu. Mkifika saa tisa jiko limefungwa, na kubembeleza hakusaidii. Maji ya bomba ni bure, ombeni *une carafe d'eau*. Huduma imeshajumlishwa kwenye bei.

Naweza kubeba chakula kutoka nyumbani?

Viungo vikavu, chai na kahawa, sawa. Nyama na vitu vya maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya ni marufuku, kwa hiyo sambusa za nyama na samli ya mama vibaki. Matunda nayo yana sheria: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani huruhusiwa bila cheti cha afya ya mimea, embe haliruhusiwi. Ndiyo, hata moja. Nazi mbili za mchuzi zinatosha kumfurahisha mpishi.

Nahitaji visa?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji visa ya muda mfupi ya Schengen (visa moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya), hata kama anaishi Uingereza na ana kibali cha kukaa huko. Hapo ndipo ndugu zetu wa London na Birmingham hujichanganya. Mwenye kibali halali cha kukaa Ujerumani, Ubelgiji, Sweden au nchi nyingine ya Schengen haombi. Mwenye pasipoti ya Uingereza, Marekani au Kanada naye haombi kwa safari ya wiki moja.

Kila mtu anaomba peke yake. Hakuna visa ya kikundi. Fomu hujazwa kwenye tovuti rasmi ya France-Visas, kisha unaenda na miadi kutoa alama za vidole. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka sita hadi kumi na moja. Aliye chini ya hapo hatozwi. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe hai miezi mitatu baada ya kutoka, na iwe na kurasa mbili tupu. Tunawapa wote barua ya nyumba tuliyokodi yenye majina. Taarifa za benki, barua ya kazini au leseni ya biashara ni juu yenu, na pesa iliyoingizwa benki kwa mkupuo wiki moja kabla ya miadi humtia mwombaji mashakani badala ya kumsaidia.

Msisubiri Aprili kwa safari ya Juni. Miadi ndiyo inayochelewesha kuliko visa yenyewe. Mpakani, tangu Oktoba 2025, wageni wasio wa Umoja wa Ulaya wameanza kuandikishwa picha na alama za vidole kwenye mfumo mpya, kwa hiyo msiweke treni ya kuunganisha karibu sana na saa ya kutua.

Tunafikaje?

Nairobi ina ndege za moja kwa moja hadi Paris. Kutoka Dar wengi hupitia Amsterdam, Doha, Istanbul au Addis Ababa. Uwanja wa Charles de Gaulle una stesheni ya treni ziendazo kasi, na baadhi yake huenda Strasbourg bila kuingia mjini Paris. Kutoka Paris kwenyewe mnapandia Gare de l'Est: Strasbourg ni chini ya saa mbili, Colmar ni saa mbili na dakika ishirini hivi kwa treni isiyobadilishwa. Strasbourg hadi Colmar ni nusu saa.

Wa London: Eurostar hadi Gare du Nord, halafu mguu wa dakika kumi hadi Gare de l'Est. Wa Uswisi na kusini mwa Ujerumani: Basel au Freiburg, mko karibu kuliko Wafaransa wengi.

Tukodi gari?

Hapana, isipokuwa kuna mtu asiyetembea vizuri. Treni ipo, mabasi ya mkoa ya Fluo yapo ingawa Jumapili ni machache, na siku ya kwenda ngome ya Haut-Koenigsbourg tunakodi basi dogo na dereva wake. Kiwango cha pombe kwa dereva Ufaransa ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na 0.2 kwa mwenye leseni mpya. Kwenye nchi ya mizabibu polisi wanajua pa kusimama.

Baiskeli za umeme ndizo zinazotupendeza. Njia ya baiskeli inapita kijiji hadi kijiji katikati ya mashamba, na hata asiyepanda baiskeli tangu shule ya msingi huizoea kabla ya kufika kijiji cha kwanza.

Mwezi gani mzuri?

Mwisho wa Mei hadi katikati ya Juni. Maua yapo madirishani, joto halijawa kali, na jua linazama kama saa tatu na nusu usiku. Wanaoswali wajue kwamba magharibi inachelewa hivyo, na isha inakaribia usiku wa manane.

Septemba inapendeza kwa sababu ya mavuno, lakini wakulima hawana muda na wageni, na baadhi ya vijia vya mashambani hufungwa. Oktoba mwanzoni ni bora: majani yanageuka dhahabu, na kuna mvinyo mpya ambao haujamaliza kuchacha, unaonywewa pamoja na jozi. Desemba ni ya masoko ya Krismasi. Taa zinapendeza, baridi inauma, bei inapanda, na Colmar inajaa kiasi cha kutoweza kugeuka. Kupumzika hakumo.

Mama yangu ana miaka sabini na mitano. Ataweza?

Turckheim ni tambarare ndani ya kuta. Shida ni mawe ya barabarani: viatu viwe na soli nene, na visigino virefu msibebe kabisa. Tunamwekea mzee chumba cha chini. Colmar, Riquewihr na Ribeauvillé kuna vitreni vya kuzungusha wageni, ambavyo vijana huvicheka siku ya kwanza na kuvipanda siku ya nne. Haut-Koenigsbourg ina ngazi nyingi. Iko mita 757 juu ya bahari na ilijengwa kwa vita, haikumfikiria mama. Siku hiyo abaki na mwenzake, au waende Hunawihr kuwaona korongo. Dawa zake azilete za kutosha, na karatasi ya daktari.

Pesa zinakusanywaje?

Wengi wetu tunatoka kwenye vyama na vikoba, kwa hiyo utaratibu mnaujua. Nyumba inalipwa kwanza, mapema, na aliyejitoa baada ya hapo anatafuta wa kuziba nafasi yake. Tukiwa kule kuna makapu mawili: kapu la chakula na usafiri, ambalo wote wanachanga sawa, na kapu la mvinyo, ambalo wanachanga wanywaji peke yao. Hili la pili tulilianzisha baada ya manung'uniko, na tangu hapo amani ipo. Mweka hazina awe mtu asiyekunywa.

Jumapili kuna nini?

Hakuna kitu, na ndio uzuri wake. Maduka hufungwa, kwa sheria za eneo hilo ambazo ni kali kuliko kwingine Ufaransa. Nunueni mahitaji Jumamosi mkifika tu, kabla ya kufungua mabegi. Alsace pia hupumzika Ijumaa Kuu na tarehe 26 Desemba, siku ambazo Ufaransa nyingine iko kazini. Ni masalio ya historia: eneo lilichukuliwa na Ujerumani 1871, likarudi Ufaransa 1918, likachukuliwa tena 1940, likakombolewa kwa mapigano yaliyoendelea hadi mwanzoni mwa 1945. Kwenye kilima cha Sigolsheim kuna makaburi ya wanajeshi waliokufa humo, na safu nzima ni za Waislamu wa Afrika Kaskazini, mawe yao yakiwa na umbo tofauti. Panda jioni. Bonde lote liko chini yako.

Nirudi na chupa ngapi?

Anayerudi Kenya, Tanzania au Uganda anaruhusiwa lita 2 za mvinyo bila ushuru, yaani chupa mbili za kawaida. Ya tatu inazidi. Anayerudi Uingereza ana lita 18, na ndiyo maana watu wa London huja na mabegi matupu. Asiyeishi Umoja wa Ulaya akinunua zaidi ya euro 100 kwenye duka moja linaloshiriki utaratibu huo, aombe fomu ya kurudishiwa kodi na aipitishe kwenye mashine ya uwanja wa ndege kabla ya kukabidhi begi. Chupa zinaingia kwenye begi la chini, si la mkononi. Funga kila moja kwa suruali ya jinzi, iweke katikati, na ukumbuke zile ndefu za Alsace haziingii kwenye maboksi ya duka la kawaida. Mkulima anayo ya kwake, mwombe.